Maji Yatokayo Pugu

Watu wengi wa Dar es Salaam wanaujua Mto Msimbazi mahali pamoja tu, Jangwani. Tena wanaujua kwa kero: mvua ikikolea, Barabara ya Morogoro inafungwa pale, mabasi ya mwendokasi yanakatishwa safari, na mtu wa Kimara anayewahi Posta anashukia Magomeni akiwa ameshika viatu mkononi. Mimi nilitaka kuujua kuanzia unakotoka. Mto wenyewe una kilomita kama 35 hivi, kwa hiyo nilipanga kuushuka kidogo kidogo, kwa miguu panapopitika na kwa bodaboda pasipopitika, kutoka vilima vya Pugu hadi unapoingia baharini pale Daraja la Salander. Mafuriko tumeyaona vya kutosha kwenye televisheni. Nilichokitafuta ni namna watu wa kando ya mto wanavyojipanga kabla hayajafika.

Ilikuwa mwishoni mwa Aprili, masika hayajakata. Nilishuka daladala Gongo la Mboto, nikachukua bodaboda hadi Pugu. Huko juu Msimbazi ni kijito cha kurukwa na mtoto. Msitu wa Pugu bado upo, ingawa umemegwa kila upande, na upepo wake si wa mjini. Mzee mmoja aliyekuwa akipalilia mchicha alinipindulia ndoo nikae. Nilimwamkia, nikamweleza ninakokwenda, akacheka.

"Mpaka Salander kwa kufuata maji? Yatakuacha, mwanangu. Zamani mvua ikinyesha hapa, kule chini mto ulikuwa unajaa kesho yake. Siku hizi mvua haijakata, wenzio wameshaanza kulia."

Sikuhitaji maelezo zaidi. Ukigeuka kutazama mjini unaona mabati mapya yanameta kilima baada ya kilima. Shamba la mikorosho likikatwa viwanja linageuka bati, zege na uwanja unaofagiwa kila asubuhi mpaka unakuwa mgumu kama sakafu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokunywa maji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hao milioni moja walioongezeka hawakwenda kukaa Masaki kwa wenye nazo.

Ulongoni, chini kidogo ya Gongo la Mboto, maji yamewahi kusomba daraja na kuwaacha watu ng'ambo hii na ng'ambo ile. Nilisimama kwa mama ntilie mwenye banda lake juu ya ukingo, nikaagiza chapati na maharage. Kumbe yule mama ana kazi nyingine isiyo na mshahara. Dada yake amepanga Kigogo, mbali huko chini. Alininyooshea mwiko kuelekea jiwe moja jeusi katikati ya mkondo.

"Maji yakilifunika lile, nampigia. Hata salamu sisubiri. Namwambia tu, pandisha godoro."

"Anawahi?"

"Watoto anawahi. Friji anawahi. Kabati hajawahi hata siku moja."

Na dada yake akishapigiwa, anapiga ukuta wa jirani, jirani anatuma sauti kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na mlango kwa mlango habari inafika mpaka kwa yule bibi asiye na simu. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa tahadhari zake, na kwa mambo makubwa inawahi: Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, boti za Zanzibar zilisimamishwa mapema. Lakini tahadhari ya mamlaka inataja mikoa na visiwa: Dar es Salaam, Pwani, Tanga, Unguja na Pemba. Jiwe la Ulongoni linataja nyumba ya dada.

Kinyerezi nilipita haraka, maana wachimba mchanga hawapendi watu wenye daftari. Vijana wanaingia mtoni mpaka kiunoni, wanavuta mchanga kwa koleo, wanaurundika ukingoni, gari linakuja kuuchukua. Kazi hiyo imekatazwa mara nyingi na inaendelea mara nyingi vilevile. Mto ukichimbwa hivyo unapanuka, unakula kingo, na udongo unaoporomoka unasafiri hadi Jangwani kwenda kujaza bonde. Mmoja wao alinionyesha nyumba ya mama yake mdogo, ukuta wa nyuma ukining'inia hewani. Alikuwa akichimba hatua chache chini yake. Nilinyamaza, naye alijua nilichonyamazia.

Tabata ina kisa ambacho vijana wa leo hawakijui, nacho kinastahili kusimuliwa. Dampo la jiji zima lilikuwa pale. Moshi, inzi, watoto wanakohoa. Mwaka 1988 wakazi waliishtaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu, wakashinda, na jiji lilipoendelea kuomba liongezewe muda wa kumwaga taka, Jaji Lugakingira aliligomea: hakuna mamlaka yenye haki ya kuhatarisha maisha ya watu kwa kisingizio cha kazi zake. Katika historia ya kesi za mazingira nchini mwetu hiyo ni mojawapo ya nguzo, na waliosimama mahakamani ni watu wa kawaida wa mtaani. Sasa sikiliza sehemu ya pili. Taka zikahamishiwa Vingunguti, kilomita chache chini ya mto huohuo. Vingunguti nao wakazichoka, zikaenda Mtoni. Mtoni zikajaa, zikapelekwa Pugu Kinyamwezi, yaani kule kule kwenye vilima nilikoanzia safari. Nililiwaza sana jambo hili nikiwa njiani, kwa sababu kuanzia Tabata kwenda chini niliona kila mtaa ukipigana na maji kwa akili na jasho, na mara nyingi ushindi wa mtaa mmoja ukiwa balaa la mtaa unaofuata.

Vingunguti ndiko nilikoona hilo wazi. Nyuma ya nyumba zilizopakana na mto, wenyewe wamejenga kingo za matairi mabovu: tairi linalazwa, linajazwa udongo na kushindiliwa, linafuata jingine juu yake kidogo kwa nyuma, kama ngazi. Katikati wanachomeka majani ya matete yashike udongo. Kazi nzuri, nakiri, na ya bei rahisi. Fundi aliyeisimamia ni kinyozi. Kajifunza kwa kukosea, baada ya ukuta wake wa kwanza aliousimamisha wima kulala chali mvua ya kwanza tu. Ambao hawana matairi wanamwaga kifusi. Wanalipia lori la vifusi vya nyumba zilizobomolewa Kariakoo, wanajaza ukingo, wanapata hatua mbili tatu za ardhi. Mto hauna la kufanya ila kuhamia upande wa pili. Nilivuka kwa kivuko cha mbao kwenda huko upande wa pili, nikamkuta baba mmoja akitazama nusu ya choo chake iliyobaki.

"Mimi sina ugomvi na mto," aliniambia. "Nina ugomvi na kile kifusi."

Kigogo nilikaa. Mtaa huu uko bondeni hasa, nyumba zimebanana hadi mabati yanalaliana, na kutoka hapo Kariakoo unakwenda kwa miguu. Hiyo ndiyo sababu watu hawaondoki, na wanaouliza kila mwaka kwa nini hawa watu hawahami mabondeni hawajawahi kujaribu kuuza nyanya wakiwa wanaishi Mabwepande. Desemba 2011, siku chache tu baada ya taifa kusherehekea miaka 50 ya Uhuru, ilinyesha mvua ambayo wataalamu walisema jiji halikuwa limeiona tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa. Serikali iligawa viwanja Mabwepande, kilomita zaidi ya 30 kutoka katikati ya mji. Baadhi waliojenga huko wako huko mpaka leo. Wengine walirudi, maana nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa inameza faida yote.

Mwenyeji wangu alikuwa mjumbe wa shina, mwanamke wa makamo ambaye kila mtu anamwita Mama Mjumbe, na mimi nitamwita hivyohivyo. Kuingia nyumbani kwake unanyanyua mguu: mlangoni pamejengwa kizingiti cha tofali na saruji kinachofika gotini. Ndani, soketi za umeme ziko usawa wa kichwa changu. Friji limepandishwa juu ya tofali za inchi sita, kitanda nacho juu ya tofali, na miguu ya kabati imekatwa na kuwekewa ya chuma kwa sababu ya mbao ililowa ikaoza. Juu ya boriti kuna ubao mpana, na juu ya ubao ndoo nyeupe ya rangi yenye mfuniko. Aliishusha nione. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, hati ya mauziano ya nyumba iliyoandikwa kwa mkono mbele ya mashahidi, picha ya harusi, na daftari la kikoba. Kila kimoja kimefungwa kwenye mfuko wake wa nailoni, na fundo limefungwa kwa namna ambayo mkono uliolowa unaweza kulifungua gizani.

"Hii ndoo hata mjukuu wangu wa chekechea anaijua," alisema. "Nimemfundisha: ukisikia filimbi, usitafute kiatu. Kaa hapa chini ya ndoo, nitakuja kuwachukua wote wawili."

Jumamosi asubuhi ni siku ya mtaro. Kila nyumba inatoa mtu mmoja au jero, na nilishangaa kuona wengi wanatoa mtu. Vijana wenye gambuti wanaingia mtaroni na reki, kina mama wanapokea juu kwa ndoo na karai. Vinavyotoka humo havisemeki vyote: chupa za plastiki, pampasi, kandambili za mguu mmoja mmoja, godoro zima siku moja. Mifuko ya plastiki ya rambo imepungua tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019; hilo kila mtu pale alilisema bila kuulizwa. Lakini jero zile za nini, kama nguvu kazi ipo? Za guta. Tope likishatolewa likaachwa kando ya mtaro, mvua inayofuata inalirudisha lote mtaroni, na watu wamefanya kazi bure. Mwenye guta anadai kila tripu, na tripu ni nyingi. Mama Mjumbe anaandika kila aliyetoa na kila aliyekwepa, na alinionyesha ukurasa wa waliokwepa kwa fahari kubwa kuliko ule wa waliotoa. Kuna jina moja limejirudia tangu vuli. "Huyu," alisema, "ana gari." Nilitoa jero yangu nikaandikwa.

Mtu akikuambia kazi hii ni ya kusafisha tu, mwulize kuhusu vyoo. Mvua kubwa ikija, wapo wanaotoboa shimo la choo ili maji yabebe uchafu. Kutapisha choo, ndivyo wanavyosema. Mtaa mzima unajua ni nani na unajua kwa nini: gari la kunyonya halipiti kwenye vichochoro, na likipita ni ghali. Kipindupindu cha 2015 kilianzia jijini humu mwezi Agosti, kikasambaa nchi nzima. Mama Mjumbe ameweka faini. Alipoulizwa kwenye kikao cha mtaa kama imewahi kulipwa, alijibu kwamba imewahi kulipwa mara moja, kwa kuku.

Ukutani ofisi ya serikali ya mtaa imebandikwa ramani kubwa iliyopauka. Ni matunda ya Ramani Huria, kazi iliyoanza mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoingia mitaani na simu, wakishirikiana na wakazi na watu wa Msalaba Mwekundu, wakachora kila nyumba, kichochoro na mtaro na kuviweka kwenye OpenStreetMap ili yeyote avione. Waliwafuata hata wajumbe kuwauliza shina lao linaishia wapi, mipaka ambayo ilikuwa vichwani mwa watu tu. Na walipotaka kujua kina cha mafuriko walimwambia mwenye nyumba aonyeshe kwa mwili wake: kifundoni, gotini, kiunoni, kifuani. Mama Mjumbe alikuwa mmoja wa waliozunguka nao. Alinionyesha kwa kidole mtaro wa nyuma ya msikiti. "Huu ulikuwa haupo kwenye karatasi yoyote ya serikali. Tulipokwenda kuomba uchongwe, wakasema hakuna mtaro pale. Safari ya pili tulikwenda na ramani." Mtaro ulichongwa. Ukishafika mwisho wa mtaa, hata hivyo, unamwaga kwa watu wa mtaa wa pili, na hao wana malalamiko yao.

Jangwani nilifika na jua kali. Hapa ndipo kila kitu cha kutoka juu kinapotua: mchanga wa Kinyerezi, kifusi cha Vingunguti, tope la Kigogo. Bonde limejaa udongo kiasi kwamba mto hauna tena pa kupita, na katikati yake ilijengwa karakana ya mabasi ya mwendokasi, ikafurika zaidi ya mara moja. Yanga nao, watoto wa Jangwani, uwanja wao wa Kaunda umekuwa bwawa mara nyingi. Mashabiki wa Simba wana utani wao juu ya hilo ambao sitaurudia. Mwaka 2018 wakazi, wahandisi na maofisa wa serikali walikaa vikao kwa miezi wakachora mpango wa bonde zima kuanzia juu hadi baharini, na mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa Bonde la Msimbazi: kuchimba na kupanua mto, kuinua daraja la Jangwani, kugeuza bonde la chini kuwa bustani ya jiji na kuwahamisha kwa fidia walio ndani yake. Mradi huu unautazama mto kama mto mmoja, na nauunga mkono. Ila kwenye magofu ya nyumba zilizokwishabomolewa nilikutana na mpangaji aliyerudi kutafuta nondo. Fidia, alisema, ni ya mwenye nyumba. Yeye na kikundi chake cha usafi, wote wapangaji, wametawanyika: mmoja Chanika, mmoja Mbagala, mwingine hajulikani. Mtaro waliokuwa wakiuzibua hauhitajiki tena, lakini ule ujuzi wa nani apigiwe nani umepotea nao, na hakuna fungu lake kwenye bajeti.

Nilitaka kuona Hananasif kwa sababu hapo haya yote yalishafanyika kabla hatujaanza kuyaita mabadiliko ya tabianchi. Mapema miaka ya 1990 mtaa huu ulichimba mitaro yake na kutengeneza barabara zake kwa mikono ya wakazi, jiji likishirikiana na Shirika la Kazi Duniani, fedha za Ford Foundation na za Umoja wa Mataifa, na wataalamu wa chuo cha Ardhi. Wakazi waliunda chama chao, wakapewa kandarasi wao wenyewe, wakalipwa kwa kipande cha mtaro walichochimba. Wanawake walishika sururu.

Bibi mmoja aliyekuwa miongoni mwa wachimbaji hao alinitembeza. Nilimshikia kikapu. Mtaro bado upo, mawe yamepangwa vizuri kuliko ya makandarasi wengi wa leo, na maji yalikuwa yanatiririka.

"Shikamoo yangu usinipe mimi, ipe hii kona," alisema, akigonga kwa fimbo mahali mtaro unapokunja. "Mhandisi alitaka ikate moja kwa moja. Tukamwambia, baba, maji hapa hayakati, yanarukia kwa jirani. Tulibishana siku nzima."

"Nani alishinda?"

"Si unaiona imepinda?"

Baada ya mitaro kukamilika kodi za nyumba zilipanda, na baadhi ya waliochimba wakashindwa kupanga. Hilo alilisema bila uchungu, kama mtu anayetaja bei ya samaki. Kisha Desemba 2015 ikaja bomoabomoa ya mabondeni, vijiko vikaangusha nyumba za Mkwajuni na za chini ya Hananasif, na Januari alama nyekundu za X zikaenea kuta za kando ya mto. Nyumba ya bibi iko juu kidogo, ilipona. Ya mdogo wake haikupona. Mtaro waliouchimba wote wawili sasa unapita mbele ya kiwanja kitupu, na yeye ndiye anayeuzibua kipande hicho, kwa sababu usipozibuliwa hapo unarudisha maji juu, kwake.

Mto unaingia baharini chini ya Daraja la Salander, na mbele yake siku hizi limenyooka Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022. Kati ya madaraja hayo mawili na mji, mikoko imesimama kwenye tope. Vijana wa kikundi kimoja walikuwa humo, maji yamekupwa, wakiokota chupa na kuvua nailoni zilizoyanyonga mashina machanga. Chupa wanauza kwa kilo, nailoni haina mnunuzi. Niliwaeleza nimeufuata mto kutoka Pugu, wakaniuliza maswali ya kitaalamu: mchanga mwingi unatoka wapi, pampasi zinatupwa mtaa gani.

Mmoja wao anataka wafunge wavu mto mzima pale Jangwani, uzuie plastiki kabla haijafika kwenye mikoko. Ana mchoro kwenye simu, wavu na maboya yake. Mwenzake, aliyekulia Mchikichini, hataki kusikia.

"Wavu ukijaa usiku na mvua inanyesha, maji yatapita wapi? Yatapanda kwa mama yangu."

"Tutausafisha kila siku."

"Nani? Nyinyi mnatoka Upanga?"

Niliuliza kama wameshakaa na watu wa Jangwani na Mchikichini kuliongea hilo. Walitazamana. Wa Mchikichini akasema Jumamosi hawezi, ana mtaro kwao, labda Jumapili. Mwenye mchoro akasema Jumapili sawa, ila kikao kifanyike kulekule juu, siyo hapa.

"Na wa Kigogo waitwe," akaongeza. "Yupo mtu mwenye namba yao?"

Nilimpa ya Mama Mjumbe.